Kwa Nini Bado Naichora Nairobi kwa Penseli

Nairobi hakuna mtu anayeiba penseli. Ukitoa simu kando ya mto, pale karibu na mzunguko wa Globe, ili upige picha ya yangeyange, utageuka nyuma mara mbili tatu kabla ya kubonyeza. Ukiingia bustani fulani na kamera yenye lenzi ndefu, askari wa langoni atataka kuona kibali, kisha atataka kujua unapigia kampuni gani. Lakini ukikaa kwenye ukingo wa saruji, daftari magotini na penseli mkononi, watu wanakupita tu. Wapo watakaodhani wewe ni fundi unayepiga hesabu ya mabati. Wapo watakaokuona mtu aliyepunguzwa kazini, ambaye ameshauriwa atafute cha kutuliza akili. Waache wadhani, mradi hawakusumbui.

Hiyo ni sababu ndogo, ingawa kwa mtu wa mjini si ndogo sana. Ninayo nyingine nzito zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike haya. Kila ninapoonyesha michoro yangu ya miti na ndege, hakosekani mtu wa kuniambia kwa upole, "Ni mizuri. Sasa utaanza lini kupaka rangi?" Hana nia mbaya. Kwake penseli ni chombo cha mwanafunzi, na nadhani ni shule iliyotuzoesha hivyo. Darasa la kwanza hadi la tatu tuliandika kwa penseli. Darasa la nne ukakabidhiwa biki ukajiona mkubwa, na kuanzia hapo penseli ukawa unakutana nayo siku ya mtihani. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilianza mwaka 1985 na ikafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kwa watoto wengi wa miaka hiyo HB ilikuwa ni ile penseli ya kutia weusi kwenye jibu la A, B, C au D huku msimamizi akipita nyuma ya kiti. Kuna Wakenya wengi ambao mara ya mwisho kushika HB walikuwa wanatetemeka. Si ajabu hawana hamu nayo tena.

Mimi nasema hivi: kwa mtu anayetaka kuchora miti, wanyama na vilima vya mji huu, penseli si chombo cha kuanzia. Ni chombo kamili. Rangi ni kazi nyingine, nzuri pia, lakini mwenye penseli hajakwama njiani akisubiri kufika huko.

Chukua suala la mwanga. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, digrii moja na ushei, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Jua letu halina muda wa kuzurura pembeni. Saa tatu asubuhi limeshapanda, saa sita liko utosini, na kila mti umekikalia kivuli chake. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, adhuhuri, mlingoti wa bendera karibu hauna kivuli kabisa. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, vivuli vikaelekea kusini. Desemba mambo yanageuka. Mtu anaweza kuishi Nairobi maisha yake yote asilijue hilo. Anayechora hulijua upesi, kwa sababu benchi lililompa kivuli kizuri mwezi wa sita linamchoma mgongo mwezi wa kumi na mbili.

Kwa hiyo saa za kuchora ni mbili: ya asubuhi, jua linapochomoza mpaka saa tatu hivi, na ya jioni, kuanzia saa kumi mpaka giza. Na giza la huku halibembelezi. Jua likishazama, nusu saa ni nyingi. Anayepaka rangi za maji hapo yuko mbioni: anachanganya kijani cha jani lililopigwa na jua, na kabla hakijakauka jua limeshahamia jani jingine. Mwenye penseli ana swali moja tu la kujibu, nalo analijibu tena na tena kila inchi ya karatasi: hapa pana giza kiasi gani kuliko pale? Akiweza kulijibu swali hilo kwa uaminifu, mti unasimama. Asipoweza, hata boksi la rangi sitini halitamsaidia.

Halafu kuna Julai. Wageni huitukana Julai ya Nairobi, na wenyeji pia, kwa ajili ya ule ubaridi, mawingu mazito na manyunyu yasiyoisha wala kuwa mvua. Mimi naingoja mwaka mzima. Rangi zinanywea zenyewe, na mji mzima unabaki kwenye kijivu cha ngazi mbalimbali. Nenda msitu wa Karura asubuhi ya namna hiyo, kwa lango la Limuru Road, utembee mpaka pale njia inapoinama kuelekea mtoni. Utaona miti kwa safu tatu. Ya karibu ni myeusi, gome linaonekana hadi nyufa. Ya nyuma yake imepauka, ina umbo lakini haina ngozi. Ya tatu ni dalili tu, ukungu mzito kidogo ndani ya ukungu mwepesi. Mandhari hayo ni kama yameshachorwa kwa penseli kabla hujafika: safu ya kwanza 4B, ya pili HB, ya tatu 2H iliyogusa karatasi bila kuikandamiza. Siri yote ya kuonyesha umbali imo humo. Cha mbali hufifia, na anayekichora cha mbali kwa nguvu ileile ya cha karibu anaubana msitu wote ukutani.

(Nikiwa Karura sisahau kwamba msitu huo, hekta zipatazo 1,000, ulikuwa ugawiwe wajenzi. Mwanzoni mwa mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa langoni wakienda kupanda miti humo. Ile safu yangu ya tatu ingekuwa leo ni madirisha ya maghorofa.)

Hizo herufi na namba za penseli, 4B, HB na 2H, zinawachanganya watu, kwa hiyo tuzimalize. Kilichomo ndani ya penseli ni grafiti, aina ya kaboni iliyojipanga kwa matabaka membamba yanayoteleza moja juu ya jingine. Ukiburuza ncha, matabaka yanabanduka na kunasa kwenye mikwaruzo midogo ya karatasi. Ndiyo maana karatasi inayong'aa haipokei penseli vizuri: hakuna pa kunasa. Grafiti safi ya kukatwa vipande iligunduliwa Borrowdale, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika karne ya 16, na kwa muda mrefu Waingereza walijiona wamebahatika peke yao. Vita kati yao na Ufaransa vilipokata biashara, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akatafuta njia ya mkato. Alisaga grafiti ya hali ya chini, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma tanuruni. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu. Hizo ndizo H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Hizo ni B. Yeyote aliyewahi kusonga ugali anaelewa kwamba ugumu uko kwenye kipimo, si kwenye sufuria. HB iko katikati, na kwa kweli mtu akiniambia nibaki na mbili tu, nitachukua HB na 4B, nimwachie nyingine zote.

Hata mbao za penseli zina habari ya kwetu. Mutarakwa, ule mwerezi wa nyanda za juu unaoota Aberdare, Mau na kwenye miteremko ya Mlima Kenya, una mbao zinazochongeka kwa ulaini na kunukia vizuri. Enzi za ukoloni mbao hizo zilisafirishwa ng'ambo kutengenezwa penseli, na mpaka leo Waingereza huuita mwerezi wa penseli wa Afrika. Wakenya wengi wanaujua zaidi kwa nguzo za ua, maana mchwa hauwezi. Penseli za bei ya chini tunazouziwa siku hizi zina mbao nyingine, nyepesi na zisizotabirika, na ukizichonga kwa kichongeo cha plastiki ncha inavunjikia ndani. Dawa yake ni ileile ya shule ya msingi: wembe. Chonga polepole, ukizungusha penseli, mpaka grafiti itokeze ndefu kuliko vile mwalimu angeruhusu. Ncha ndefu inakupa zana mbili: kichwa cha kuvutia mstari, na ubavu wa kulaza kivuli kipana kwa mkono mmoja.

Ubavu huo ndio ninaoutumia kwenye mugumo.

Mugumo kwanza unaanza maisha juu ya mti mwingine. Ndege anakula tini, anaangusha mbegu kwenye panda la tawi, mche unashika hapo juu kwa juu, na mizizi inateremka kuutafuta udongo. Ikishaufikia inanenepa, inakutana, inaungana, na baada ya miaka mingi mti mwenyeji unafia ndani yake. Unachokiona umesimama mbele yako si shina moja. Ni mizizi mingi iliyokumbatiana, na katikati yake mna mianya, mingine ya kutosha kuingiza mkono, mingine ya kutosha kujificha mtoto. Ukianza kuichora ile mizizi mmojammoja, utafika jioni una mafundo ya kamba. Mimi huanza na mianya. Naitafuta ile yenye giza zaidi, naitia 4B kwa ubavu, kwa nguvu, bila kujali mizizi iko wapi. Kisha inayofuata kwa giza. Baada ya robo saa ukurasa una madoa meusi ya maumbo ya ajabu, na mtu akichungulia haelewi. Halafu kuna wakati, siwezi kusema ni doa la ngapi, ile karatasi nyeupe iliyobaki katikati ya madoa inageuka kuwa mizizi. Hapo ndipo nachukua HB kuiviringisha kingo, na pembe ya raba kunyanyua mwanga kidogo pale jua linapogusa mgongo wa mzizi.

Katika bustani moja ya mjini nilikuwa kwenye hatua ya madoa, na mzee mmoja aliyekuwa akikusanya majani akaja kusimama nyuma yangu, ameegemea reki.

"Kijana, unachora mti au unachora mashimo?"

"Mashimo kwanza, mzee wangu. Mti utakuja."

Akalichunguza daftari, akauchunguza mti. "Basi hilo la juu kushoto ulifanye vizuri. Nyuki wanaingilia hapo. Mwaka jana walikuwa upande huu, wakahama."

Nikatazama. Kweli kulikuwa na weusi mwembamba unaochezacheza kwenye mdomo wa ule mwanya, nyuki wanatoka na kuingia, na nilikuwa nimeutia penseli bila kujua ni mlango wa watu. Mzee akaendelea kunielezea: tawi lipi lilianguka wakati gani, kima hulala upande upi, na kwamba kwao mti huo haukatwi, hata ukiota katikati ya shamba unalima ukiuzunguka. Kisha akaniuliza, "Na hiyo kazi unalipwa?"

"Hapana, mzee."

"Hata mimi wananilipa kidogo," akasema, akarudi kwenye majani yake.

Simu haingenipa mazungumzo hayo. Mpiga picha amemaliza na ameondoka kabla mzee hajaegemea reki. Mchoraji amekaa, kazi yake iko wazi kwa kila mtu kuikosoa, na watu wa Nairobi, ambao barabarani hawasalimiani, wanapenda kukosoa. Nimejua majina ya miti mingi kwa njia hiyo. Mukinduri niliambiwa na mama muuza parachichi. Muhugu, ule ambao wachongaji wa vinyago wameupenda mpaka ukawa wa kutafutwa, nilionyeshwa na kijana wa baiskeli aliyesimama kupumzika.

Wanyama ni shughuli nyingine, maana hawatulii. Kima wa City Park, pale Parklands, wana mikono myepesi na hawana adabu. Daftari likinuka ndizi utalitafuta mtini. Njia ninayoifuata ni ya zamani na inajulikana kwa wachoraji wote wa wanyama: usichore kima mmoja. Jaza ukurasa vipande. Mgongo uliokunjwa, mkono kwenye tawi, kichwa kilichogeuka, kila kimoja sekunde chache, na anapobadilisha mkao unakiacha nusu unaanza kingine. Mnyama ana mikao yake michache anayoirudia. Atarudi tu, naye akirudi unaendelea pale ulipoachia. Penseli inaruhusu hilo kwa sababu haidai chochote: haikauki, haimwagiki, haina kifuniko cha kupotea, haijali kama umeishika kichwa chini. Hata manyunyu hayaifuti. Grafiti haiyeyuki majini, ni karatasi ndiyo itakayokunjamana.

Marabu, kwa upande mwingine, ndiye mwanamitindo bora wa Nairobi. Yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko wa shingoni, anayekaa juu ya migunga kuelekea Mombasa Road karibu na uwanja wa Nyayo, hana haraka na mtu. Anasimama mpaka wewe uchoke. Watu wanamwona mbaya, na sitabishana nao, lakini jaribuni kumchora. Mgongo wake ni rangi ya slati, kijivu cha HB kilicholazwa mara mbili. Kichwani ana nywele chache zisizo na mpango, na hizo zinataka ncha iliyotoka kwenye wembe sasa hivi. Miguu yake mirefu ni ya kijivu cheusi lakini utaikuta nyeupe, imechafuliwa: anajinyea miguuni kwa makusudi, unyevu unapokauka unampoza. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba miguu unaiacha karatasi tupu na kuutia giza mgunga ulio nyuma yake. Ndege mzima umo kwenye kijivu. Ningempaka rangi gani?

Afrika Mashariki imetoa mtu aliyelijua jambo hili kuliko wote ninaowajua kwa kazi zao. Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akafundisha sanaa Makerere, na kuanzia mwaka 1971 akatoa juzuu kadhaa kubwa kuhusu mamalia wa eneo letu, zilizojaa michoro yake ya penseli. Kuna wanyama aliowachora wakiwa hai, kwa mistari michache ya haraka, mkao juu ya mkao; kuna waliokufa, waliochunwa ngozi, kila msuli mahali pake. Ukitazama kurasa zile unaona kwamba mchoro haukuwa pambo la maandishi. Ndivyo alivyokuwa akifikiri. Aliutumia mkono kuuliza mnyama huyu anatembeaje, na kwa nini uso wake uko hivi.

Wataalamu wa mimea nao hawajaacha. Pale Makumbusho ya Taifa kuna hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, na kazi kubwa ya kuieleza mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, imebeba zaidi ya spishi 12,000. Picha zake ni michoro ya mistari. Miaka hiyo sitini kamera zilikuwepo, na zilizidi kuwa nzuri, lakini picha ingekupa jani moja, la mti mmoja, lililotafunwa na mdudu mmoja. Mchoro unakupa jani la mti huo popote utakapoukuta. Tena unaweza kuweka ua na tunda ukurasa mmoja ijapokuwa kati yao kuna miezi, na kulipasua tunda uonyeshe mbegu, bila mtu kukuita mwongo.

Nayasema haya kwa sababu kuna mtindo umeenea mitandaoni kwetu, na vijana wengi wenye mikono ya ajabu wameuingia: kunakili picha ya mwanamuziki au mwanasiasa kwa penseli mpaka vinyweleo vya pua, kisha kuandika chini yake ni saa ngapi zimetumika na kumwomba mhusika aione. Naiheshimu subira yao, na najua kodi ya nyumba hailipwi kwa migumo. Mteja akitaka uso wake, mpe uso wake. Lakini mtindo huo ukihamia kwenye mandhari ya asili naona hasara. Anayenakili picha ya msitu iliyopigwa na simu ananakili maamuzi ya simu. Simu ndiyo iliyoamua mbingu iwe nyeupe tupu ili majani yaonekane, au majani yawe meusi ili mbingu ionekane. Haikusikia upepo ukitoka upande gani. Ukikaa chini ya mti wenyewe, jicho lako linazoea giza la chini, linazoea na mwanga wa juu, na mkono unaandika yote mawili kwa zamu. Sehemu nyingine unaziacha. Hakuna anayechora kila unyasi. Unachora giza lililo kwenye mashina ya nyasi, mistari michache inayokwenda juu, basi, msomaji wa mchoro atajaza mengine mwenyewe.

Vifaa, kwa anayeuliza: penseli mbili, wembe, raba nyeupe ambayo unaikata pembe iwe kali, daftari lenye karatasi yenye mkwaruzo kidogo, na kipande cha karatasi safi cha kulalia mkono usisugue kazi yako mwenyewe. Karatasi ya manila ya miradi ya shule inafaa kwa majaribio. Mchoro ukikamilika, wengine wanaupuliza dawa ya nywele ili usichafuke. Inasaidia kwa muda, lakini baada ya miaka karatasi inaweza kuwa njano, kwa hiyo mchoro unaoupenda utafutie dawa ya wachoraji au uweke karatasi nyembamba juu yake. Na penseli haiwezi kila kitu hata kwenye weusi. Ukiikandamiza sana, grafiti inaanza kung'aa, na weusi wako ukitazamwa kwa upande unageuka fedha. Anayetaka weusi wa shimo achukue mkaa.

Sasa hoja ngumu, ya mjakaranda. Hapo ndipo wale wa "utaanza lini kupaka rangi" hunishika. Oktoba inapofika, mti uliotoka Amerika ya Kusini ukapandwa barabarani wakati wa wakoloni unaugeuza mji mzima zambarau, nawe umekaa hapo na kijivu chako? Joy Adamson, ambaye dunia inamkumbuka kwa simba Elsa, aliyachora maua mengi ya Kenya kwa rangi za maji, na kwa ua lililo kiganjani nakubali alikuwa na haki.

Lakini mjakaranda si ua, ni mti. Unachanua wakati majani mengi yameshapukutika, kwa hiyo ni msimu ambao matawi yanaonekana jinsi yanavyopinda, mengine yamejikunja kabisa, mambo ambayo Machi yamefichwa na kijani. Na ukilazimika kuiwekea zambarau kijivu, unakuta jambo ambalo rangi ilikuwa inalifunika. Kishada kilekile cha maua, kikiwa mbele ya wingu, ni cheusi kuliko wingu. Teremsha macho kidogo, mahali kishada kinapopita mbele ya shina, na sasa kimekuwa cheupe kuliko shina. Haiwezekani kukipa kijivu kimoja. Lazima kigeuke katikati ya tawi, na pale kinapogeukia kuna sehemu ndogo ambapo ua na nyuma yake vina kijivu sawa na mstari unapotea kabisa. Sehemu hiyo naiacha ipotee. Maua yaliyoanguka ni rahisi zaidi: nachora lami, nayaacha yenyewe karatasi.

Rangi naiandika kwa maneno pembezoni mwa ukurasa. Ukurasa mmoja wa mwaka jana unasema, "buluu zaidi kabla ya saa mbili; baada ya mvua, karibu waridi; chini ya gari, nyeusi." Mijakaranda ya State House Road ndiyo mizuri kupita yote, ila hapo sikushauri ukae na daftari ukichora ukuta na lango. Moi Avenue ina ya kutosha, na ya University Way unaweza kuichora ukiwa umekaa ng'ambo ya barabara bila kuulizwa lolote. Ukinikuta huko Oktoba, karibu ukae. Penseli ya ziada ninayo, wembe uje na wako.